Uduvi wametoweka kwenye chemchemi tuliyoijengea: pa kuanzia kuchunguza

Mkuu, umeuliza kwa nini uduvi wameisha tangu chemchemi ya kijiji ijengewe tangi la zege, ilhali maji bado ni maangavu. Maji maangavu yasikudanganye. Vinavyoua uduvi na kaa wachanga mara nyingi havina rangi wala harufu.

Tafuta kwanza wameishia wapi. Tega chujio la chandarua kuelekea mkondo, vuruga mawe yaliyo mbele yake kwa dakika moja, mwaga kilichonaswa kwenye beseni jeupe, hesabu. Anzia karibu na jicho la chemchemi, kisha rudia hatua ishirini chini. Wakiwepo juu lakini chini hawapo, sumu au uharibifu unaingia hapo katikati: sabuni, kwato za ng'ombe zinazojaza tope kwenye mianya ya mawe, au bomba la kupulizia dawa linalosuuzwa mtoni.

Hilo la mwisho ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Saipamethrini, dawa ya kuua wadudu, hushambulia neva za uduvi kama za mdudu wa shambani, na hata chini ya mikrogramu 1 kwa lita inaweza kuwaua. Mrututu, dawa ya ukungu ya kahawa, nao una shaba, sumu kali kwao. Suuzeni mabomba shambani, mbali na maji. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 imetenga mita 60 kutoka chanzo cha maji, zisimamieni.

Wakikosekana kote, kagua ujenzi. Maji ya klorini ya kuoshea tangi yakifunguliwa yaende mkondoni, yanafagia kila kitu. Yamwageni kwenye shimo nchi kavu. Kosa jingine ni bomba kuchukua maji yote. Uduvi hupumua kwa matamvua, kwa hiyo mkondo ukikauka hata siku moja, wamekwisha. Kule Socorro, New Mexico, Marekani, miaka ya 1980, mizizi iliziba bomba la chemchemi ya Sedillo, maji yakakatika, na krasteshia mdogo (mnyama wa kundi moja na uduvi na kaa) asiyepatikana kwingine duniani akatoweka porini. Alirudishwa kwa sababu tu wengine walikuwa wakifugwa.

Kwa hiyo bomba la kutolea maji yanayozidi tangini litiririke saa zote, kiangazi pia, na mfereji chini yake ubaki na mawe na majani ya mikuyu, bila saruji. Mkitaka kuwarudisha, wachukueni kwenye kijito hichohicho, baada ya chanzo cha tatizo kuondolewa. Wa bonde jingine wanaweza kuja na magonjwa.