Protoni ikigonga haidrojeni: wapi klasiki, wapi kwanta

Mpima ubora wa korosho ghalani Mtwara hapasui shehena nzima. Anachota kidogo gunia hili na lile, anapasua, anahesabu nzima na mbovu. Monte Carlo ya klasiki, yaani kukokotoa kwa bahati nasibu ukitumia sheria za Newton badala ya fizikia ya kwanta, ni kazi hiyohiyo: unarusha maelfu ya protoni kwenye atomu ya haidrojeni, elektroni ikianzia kila mara mahali tofauti kwenye duaradufu yake, kisha unahesabu mara ngapi imenaswa na protoni na mara ngapi imeng'oka ikabaki huru. Wanafizikia Abrines na Percival walifanya hivyo mwaka 1966. Leo kompyuta mpakato ya mwanafunzi inatosha.

Tazama kasi kwanza. Protoni ya keV 25 (kilo-elektronivolti, kipimo cha nishati) hukimbia sawa na elektroni ya haidrojeni. Kuanzia hapo hadi keV 200 hivi, klasiki inaaminika. Chini yake, elektroni hupenya kizuizi ambacho kwa klasiki ni ukuta, na protoni na atomu huwa kama molekuli kwa muda; tumia kwanta, kwa hali za molekuli. Juu sana klasiki hukosea tena: ung'oaji wake hushuka kwa 1/E (E ni nishati ya protoni), wakati wa kwanta hushuka polepole zaidi, kwa ln E/E. Huko makadirio ya kwanta ya Born yanatosha.

Kosa la wengi liko kwenye kuchota. Umbali wa pembeni b, yaani kutoka kiini hadi mstari ambao protoni ingepita bila kupinda, usiuchote sawasawa. Chota b² sawasawa, la sivyo migongano ya karibu itazidi uzito. Duaradufu nazo, chota mraba wa upogo wake (kiasi zilivyobanwa kuliko duara) sawasawa kati ya 0 na 1. Ukirusha 10,000 ukapata minaso 100, kosa ni asilimia 10. Kulipunguza nusu, rusha mara nne.

Kagua nishati mwanzo na mwisho wa kila mrusho. Ikiyumba, punguza hatua ya muda ya hesabu urudie. Usiutupe mrusho huo: inayoyumba ndiyo iliyopita karibu na kiini, na ukiitupa unapindisha jibu. Hifadhi kila mirusho 500 pamoja na mbegu ya namba nasibu (namba inayoanzisha mfuatano wake), maana umeme hauagi.

Hata ukifanya yote haya, elektroni ya klasiki haivuki radii 2 za Bohr (kipimo cha ukubwa wa atomu ya haidrojeni) kutoka kiini, ilhali kwa kwanta asilimia 24 hivi ya uwezekano iko nje ya hapo. Migongano ya mbali itapungua tu, na kuongeza mirusho hakusaidii.

Heliamu usiianze na elektroni mbili: moja huzama kwenye kiini, nyingine hutoroka kabla protoni haijafika. Weka moja, iliyofungwa kwa nishati ya eV 24.6.