Kabla mkasi haujagusa utepe

Ukikabidhiwa kwa mara ya kwanza maandalizi ya uzinduzi wa duka au saluni hapa Tanzania, usianze na keki wala mziki. Anza na utepe na mkasi. Ni vitu vya bei ndogo, na ndivyo vinavyoaibisha mbele za watu.

Kwa mlango wa mita 2, nunua mita 12 za satini yenye upana wa sentimita 10. Utepe mwembamba wa kufungia zawadi hauonekani kwenye picha. Mita 6 ndizo za kazi: mita 2 za mlango, nusu mita kila upande ya kushikia, na mita 3 za kufunga maua mawili ya utepe huohuo. Yaachanishe maua hayo kwa kama sentimita 60, mgeni akate katikati, kila kipande kibaki na ua lake. Wengi hufunga ua moja pale katikati, mkasi unakutana na fundo. Mita 6 zilizobaki ni za majaribio na akiba.

Satini inateleza. Mkasi butu hauikati, unaikunja kati ya makali na kuitafuna, huku kamera zote zimemwelekea mheshimiwa. Ile mikasi mikubwa ya mapambo inayokodishwa ndiyo mibaya zaidi. Azima mkasi wa fundi cherehani, na uujaribu kwenye utepe uleule, siyo kwenye karatasi. Ukiupamba mpini, hakikisha vidole vinapita na makali yanafunga mpaka mwisho. Weka mkasi wa pili chini ya kitambaa cha sinia. Utepe uliolegea nao haukatiki hata kwa wembe mkali, kwa hiyo vijana wawili waukaze usawa wa kiuno na wasiuachie mpaka picha ziishe.

Tukija kwa mgeni rasmi: kama ni mkuu wa wilaya, barua ya kumwalika ifike ofisini kwake wiki tatu kabla, ikieleza siku, saa, mahali, biashara ni ya nini, anaombwa kufanya nini na atakaa muda gani. Wiki moja kabla, ulizia tena, na uulize kama atakuja mwenyewe au atawakilishwa. Kibao cha ukutani kisichongwe jina mpaka jibu hilo lipatikane. Diwani, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wapate mialiko yao mapema. Kumruka mwenyekiti ni kosa kubwa, maana huyo ndiye mtakayeishi naye. Tena leseni ya biashara iwe imeshabandikwa ukutani siku hiyo. Kiongozi akiiulizia mbele ya waandishi, hakuna pa kujificha.

Siku na saa zitazame watu wa mtaa. Ijumaa, kaa mbali na saa 6 hadi saa 8 mchana. Jumamosi saa 4 asubuhi ni nzuri, ila penye Wasabato wengi utapata viti vitupu. Angalia na jua: mlango unaotazama magharibi, saa 10 jioni jua linampiga usoni anayeangalia nje, anakunja uso kwenye kila picha. Mlango huo ufunguliwe asubuhi.

Mkataji akiuelekea mlango, wageni wanaona mgongo wake. Mpiga picha mmoja asimame ndani, na mshereheshaji aongoze hesabu ya tano makali yakiwa wazi. Hapo ndipo picha nzuri inapatikana. Mkato wenyewe ni wa sekunde moja.

Dua za viongozi wa dini dakika mbili mbili, risala ukurasa mmoja. Risala isigeuke orodha ya kero za barabara, mgeni atalazimika kuzijibu na watu wataungua jua. Kwa watu 80, kreti 4 za soda zenye chupa 24 kila moja zinatosha, pamoja na maji na barafu.

Mara utepe ukianguka, mgeni rasmi aingie na awe mteja wa kwanza, apewe hadharani risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mashine iwe imewashwa na imejaribiwa tangu asubuhi. Na droo iwe na noti za elfu moja, elfu mbili na sarafu, kwa sababu mara nyingi wageni hulipa kwa noti ya elfu kumi.