Usiikaze hamoki: mimi niliikaza, nikavunjika kifandugu

Irudishe hiyo kamba ya manila dukani leo hii, kabla hujapanda boti. Umeandika kwamba umekwisha kununua mita kumi hapo Kigoma mjini, kwamba muuzaji amekuapia kuwa inavuta hata gari, na kwamba ukifika ufukweni utaikaza hamoki yako, hicho kitanda cha kitambaa cha kuning'iniza, katikati ya miembe miwili mpaka inyooke ili mgongo usijikunje. Kisha ukauliza kama kuna mfumo bora zaidi wa kufungia, neti ipi inafaa, turubai liwe na ukubwa gani, na kama watu wawili wanaweza kulala pamoja. Nilipofika kwenye neno "kukaza" mengine yote yakanitoka kichwani, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi mwenyewe hapa Tabora, siku mbili kabla ya kuvunjika kifandugu, kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo.

Tulikuwa watu sita, tumekwenda kurina asali katika miyombo ya upande wa Sikonge. Wenzangu walitandika mikeka. Mimi nilikuwa nimechoshwa na siafu, nikabeba hamoki ya nailoni yenye urefu wa mita 3.3, kitambaa kizuri ambacho mpaka leo nakitumia. Kitambaa hakikuwa na kosa lolote. Kilichoniangusha ni kile kilichokiunganisha na mti, yaani kamba, fundo na pembe, na katika hayo matatu nililikosea kila moja.

Kijana aliyetupa mafunzo ya kambi, kwa ada ambayo hadi sasa inaniuma kuliko huo mfupa, alitufundisha kuegemeza goti kwenye shina na kuvuta mpaka ukiigusa kamba kwa kidole ilie kama zeze. Nilimtii. Nilichagua miti miwili, mtundu na mninga, iliyoachana kiasi cha hatua sita, nikavuta kwa uzito wangu wote, nikaigusa, ikalia kama zeze kweli, nami nikawaita wenzangu waje wasikie. Mzee mmoja, ambaye amefunga mizinga ya magome juu ya miti tangu kabla sijazaliwa, aliitazama kamba ile kwa muda, akaniuliza kwa nini nimeifunga kana kwamba naanika nguo. Nikamweleza habari za mgongo kunyooka. Akaenda zake kulala, na nafikiri alikwenda kucheka.

Ilikatika usiku wa manane, upande wa kichwani. Sikusikia mlio, nilisikia tu mzizi wa mninga ukinipokea. Kutoka pale hadi barabarani nilipakiwa kwenye pikipiki, na kama hujawahi kukalishwa nyuma ya pikipiki kwenye njia ya mchanga ukiwa umevunjika mfupa wa kukalia, mshukuru Mungu na uendelee kusoma. Wiki sita nilikula chakula nikiwa nimesimama kama mgeni aliyekuja kudai deni. Msimu wote wa asali ukanipita. Kwa wale watakaosema kwamba ni uzito wangu, nina kilo 84, na miti haikulalamika.

Hesabu yake nilikuja kuielewa baadaye. Chukua ndoo ya maji, ipitishe katikati ya kamba, wewe ushike ncha moja na mwenzako ashike nyingine. Kamba ikining'inia mtaibeba kwa raha. Sasa jaribuni kuinyoosha iwe kama rula: mtavutana mpaka mikono itetemeke, na bado haitanyooka, ingawa ndoo haijaongezewa hata tone moja. Hamoki ni hivyo hivyo. Kamba ikiteremka kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila upande hubeba mzigo sawa na uzito wako, kwangu mimi kilo 84. Ukiikaza hadi pembe ya nyuzi 10, kila upande hubeba kama kilo 240. Kwa nyuzi 5 ni zaidi ya kilo 480, karibu magunia matano ya mahindi kila upande, na hapo bado hujajigeuza usingizini. Yule kijana wa mafunzo alikuwa mwembamba kama ufito, na ndiyo maana zeze lake lilidumu.

Juu ya mzigo huo, wekea kamba yenyewe. Hiyo inayoitwa manila madukani mara nyingi ni plastiki tupu. Ndiyo maana inaelea majini na wavuvi wa huko kwenu wanaipenda, nami siwalaumu, kwa kazi yao inafaa. Lakini jua huila, na yangu ilikuwa imetundikwa nje ya duka, sijui kwa miezi mingapi, hata rangi ya upande mmoja ilikuwa imepauka na ukiisugua kwa kidole gumba inatoa unga. Fundo nalo hupunguza nguvu ya kamba kwa kiasi kikubwa, mara nyingi theluthi moja au zaidi, na mimi nilipiga mafundo matatu kwa ajili ya usalama. Muuzaji alisema inavuta gari. Gari lina magurudumu, bwana; mimi sina.

Kwa hiyo, unachokihitaji ni mkanda bapa wa poliesta, wenye upana usiopungua sentimita 2.5, ambao hautafuni gome la mwembe na haurefuki sana. Wa nailoni hurefuka, hasa ukilowa, na alfajiri utajikuta umekaa chini. Ukikosa mikanda ya hamoki yenyewe, nenda kwa wanaouza mikanda ya kufungia mizigo kwenye malori usome lebo. Kwa utaratibu wa Ulaya, lebo ya buluu ni poliesta, ya kijani ni nailoni, na ya kahawia ni plastiki ile ile iliyoniangusha. Karabina, yaani ile ndoano inayojifunga ya kuunganishia mkanda na hamoki, isiwe ile ya kuning'inizia funguo. Nunua yenye alama ya kN iliyochongwa ubavuni, ambapo kN moja ni takriban kilo 100.

Hata mkanda ulio bora kuliko yote utakuonea ukiukaza. Pima hivi: kwa kila mita moja ya mkanda kutoka mtini hadi kwenye hamoki, ncha ya hamoki iwe nusu mita chini ya pale ulipofunga. Huna rula? Kunjua kidole gumba na cha shahada vifanye kona, gumba likielekea juu na cha shahada kilale sawa na ardhi. Mstari unaounganisha ncha za vidole hivyo viwili unakaribia nyuzi 30, na mkanda uufuate huo. Kuhusu mgongo unaouhofia, lala kimshazari, kichwa upande mmoja wa mstari wa katikati na miguu upande mwingine, nawe utashangaa jinsi kitambaa kilicholegea kinavyonyooka chini yako, wakati kile kilichokazwa hukubana mabega na kukupindua ukijigeuza. Ukikalia ukingoni, makalio yawe kwenye kimo cha kiti cha kawaida, na uteremshe uzito polepole, mkono mmoja ukiwa kwenye mkanda.

Neti nunua yoyote isiyo na tundu. Suala la kulala wawili sitalijibu mpaka nione picha ya mikanda yako ikiwa imefungwa mtini, imepigwa kwa ubavu ili pembe ionekane.