Mgeni wangu alikataa pantoni

Swali lenu la wiki limeuliza: "Mgeni akikufikia Dar es Salaam akiwa na siku moja tu ya kutembea, utampeleka wapi?" Kama mifano mkatutajia Makumbusho ya Taifa, Kariakoo, Coco Beach na Kisiwa cha Mbudya. Nililisoma nikiwa ndani ya pantoni, kivuko kinachobeba watu na magari kati ya Magogoni na Kigamboni, jioni, nikirudi nyumbani Kigamboni kutoka kazini, na jibu lilinijia kabla hatujagusa ng'ambo: mpandisheni hapa, mvusheni, mrudisheni, na mengine yote yatakuwa nyongeza. Nakiri kwamba lilinijia pamoja na hasira kidogo. Maeneo mliyoyataja ni mazuri, na mtu aliyeliona fuvu la kale la Zinjanthropus pale Makumbusho hajapoteza siku yake. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo manne linalomweleza mgeni kwa nini mji huu upo mahali ulipo. Coco Beach ina bahari, ni kweli, ila bahari ya kuogelea si bandari.

Mji huu upo kwa sababu ya mlango mwembamba wa maji ulio kati ya Magogoni na Kigamboni. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuujenga katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, alichokuwa amekipata ni maji tulivu na yenye kina yaliyojificha nyuma ya mlango huo, mahali ambapo meli ingeweza kutia nanga bila kusumbuliwa na mawimbi. Boma la Kale, ambalo ndilo jengo kongwe kuliko yote yaliyosalia katikati ya mji, lilijengwa mwaka 1867 ili wageni wake wapate pa kulala, nalo limeelekezwa majini. Wajerumani walipohamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, sababu ilikuwa hiyo hiyo: maji ya ufukweni Bagamoyo ni mafupi, jahazi linasogea hadi karibu na mchanga lakini meli kubwa hubaki mbali. Hata kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, limekaa pale pale ukingoni. Waliotutangulia waliupanga mji utazamwe kutoka majini, na kwa hiyo mgeni anayeshuka kwenye basi, akapelekwa Kariakoo, kisha akarudishwa stendi, ameingizwa mjini kwa mlango wa uani.

Nilikusudia kuandika hayo tu, niongeze habari ya nauli na saa zinazofaa, nimalize. Lakini wakati wa kuandika nimemkumbuka mgeni ambaye jibu langu halikumfaa hata kidogo.

Mwaka 2017 mjomba wangu, kaka yake mama, alikuja kutoka Bukoba kwa matibabu ya macho. Alifikia kwa kaka yangu, Sinza. Daktari alimtaka arudi baada ya siku mbili, hivyo tukabakiwa na siku moja ambayo haikuwa na kazi, nami nikaomba ruhusa kazini ili niwe mwenyeji wake. Alikuwa na miaka zaidi ya sitini, amelima kahawa maisha yake yote, na hakuwahi kufika Dar es Salaam. Mpango wangu ulikuwa rahisi: tuonane Posta, tutembee kwa miguu hadi Feri, tupande pantoni, naye ale chakula cha mchana nyumbani kwangu, ambako nilikuwa nimeacha ndizi zimepikwa kwa maharage kama zinavyopikwa kwao.

Tulifika Feri saa nne asubuhi. Nilikata tiketi mbili za shilingi 200, tukaingia katika banda la kusubiria, tukasimama kati ya watu wenye ndoo za samaki na vijana wenye baiskeli zilizobeba trei za mayai. Pantoni ilipokuja, ikalaza ulimi wake wa chuma juu ya zege, waliomo wakatoka, kisha lango letu likafunguliwa. Anayepafahamu Feri anajua kinachofuata: watu hawatembei, humiminika. Mimi nilimiminika nao kwa mazoea, na nilipogeuka kumtazama mjomba nilimwona amesimama kando, ameshika bomba la uzio kwa mikono yote miwili, watu wakimpita. Nilirudi kwake kwa shida. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, wewe nenda. Mimi nitakusubiri hapa."

Nilimsihi. Nilimwambia kwamba safari yenyewe ni ya dakika chache, kwamba ng'ambo inaonekana, kwamba mimi hupita hapo mara mbili kwa siku. Aliniacha nimalize yote, kisha akasema jina la mama mdogo.

Mama mdogo alikufa katika ajali ya MV Bukoba. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996, mjomba ndiye aliyemsindikiza hadi gatini Bukoba akiwa amembebea mkungu wa ndizi na begi, akamtafutia mahali pa kukaa, akashuka. Asubuhi ya tarehe 21 meli ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, na watu wasiopungua 800 wakapotea. Hatujui hadi leo kama mama mdogo ni mmoja wa waliozikwa katika makaburi ya Igoma, Mwanza, au alibaki ziwani. Tangu siku hiyo mjomba akienda Mwanza huzunguka kwa basi kupitia Biharamulo. Yote hayo niliyajua tangu utotoni. Lakini kwangu yalikuwa mambo ya Ziwa Victoria, mbali kabisa na Kigamboni, na sikuwahi hata siku moja kuyaunganisha na chombo ninachokipanda kwenda kazini. Niliona aibu, na naiona tena ninapoandika.

Tulitoka. Tuliifuata barabara ya Kivukoni pembezoni mwa maji, tukapata kivuli cha mti na mahali pa kukaa, nami nikamwita muuza kahawa aliyekuwa akipita akigonganisha vikombe vyake. Mjomba alionja, akakishika kikombe kile kidogo kwa muda, akasema kahawa imechomwa kupita kiasi. Kisha akatoa mfukoni kifurushi kidogo cha makavu ya mgomba, akakifungua, na ndani yake mlikuwa na kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa pamoja na majani yake ya kunukia zikakaushwa, ambazo kwao hupewa mgeni kabla hajaulizwa shida yake. Alimpa muuza kahawa kwanza, kwa mikono miwili, kisha mimi. Kijana yule alitafuna, akastaajabu, akaweka birika lake chini na kukaa nasi. Mjomba alikuwa mgeni wa mji, lakini kwa muda ule tulikuwa wageni wake.

Tulikaa hapo kwa muda wa saa tatu hivi, na katika muda huo niliiona bandari kuliko nilivyoiona katika miaka yote niliyoivuka. Karibu na saa sita pantoni iliyokuwa ng'ambo haikuondoka ingawa ilikuwa imejaa. Nilidhani imeharibika. Muuza kahawa akanyoosha kidole kuelekea mlango wa bahari, na nyuma ya minazi ya Kigamboni tukaona rundo la makontena likisogea pasipo sauti, kisha meli yenyewe ikatokeza, ndefu, imesindikizwa na tagi, ile boti ya kuvuta meli. Mlango ni mwembamba kiasi kwamba meli ya namna ile ikiingia huonekana kama inapita barabarani, na ukiwa umekaa ukingoni unawaona mabaharia waliosimama kwenye sitaha. Mjomba alisimama. Alikinga macho yake kwa kiganja, macho yale yaliyomleta mjini, akaifuata hadi ilipokata kona kuelekea Kurasini.

Akaniuliza, "Na kahawa yetu inapita hapa?"

Nikamwambia kwamba ndiyo, kahawa ya Kagera inayouzwa nje huletwa huku na kupakiwa katika bandari hii, pamoja na mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi.

"Miaka arobaini," akasema, "napeleka chamani, napewa risiti, narudi nyumbani. Sikujua inatokea mlango gani."

Kisha pantoni ikaanza safari, naye akaanza kuwahesabu watu waliokuwa wamesimama kwenye ukingo wake. Alihesabu kwa kimya, midomo ikicheza, hadi akachoka. Akaniuliza jaketi okozi zimewekwa wapi. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimevuka kwa miaka sita.

Mchana ule tulikwenda Kigamboni kwa njia ndefu, kwa bajaji hadi Kurasini kisha Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Tulipofika mwanzo wa daraja alimwomba dereva atushushe, tukalivuka kwa miguu, mita 680, yeye akitembea upande wa ndani na mimi upande wa maji. Katikati alisimama mara moja akatazama mikoko iliyo kando ya mkono wa bahari, kisha tukaendelea. Ndizi tulizila saa kumi zikiwa zimepoa, naye akamaliza sahani.

Ni haki pia niseme kwamba siku aliyokuwa akisubiri basi, kaka yangu alimpeleka Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, mahali ambapo mimi nisingepataja kamwe katika jibu hili. Aliingia ndani ya msonge, nyumba ya Kihaya, akaukagua ufungaji wa nyasi kwa vidole, akamweleza mtunzaji makosa mawili. Kaka anasema hakuwahi kumwona akizungumza kwa furaha namna ile. Kwa hiyo hasira yangu ya mwanzo kuhusu makumbusho naipunguza. Siifuti yote, lakini naipunguza.

Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, na kuua watu zaidi ya 200, mjomba alinipigia simu usiku. Hakunisalimu sana. Aliuliza kama bado napanda, nikasema napanda. Akauliza, "Umeziona?" Nikajua anachouliza. Nikamwambia nimeziona, zimepangwa juu, chini ya paa, za rangi ya chungwa, na kwamba siku hizi nasimama karibu nazo. Akasema, "Haya, mama," akakata simu.

Sasa jibu langu, ambalo silo nililolianza. Mpelekeni mgeni Kivukoni, lakini msimvushe. Mkalisheni chini ya mti kuanzia saa nne, watu wa kazini wakishapungua, mpeni kahawa na kashata, na msiondoke hadi meli kubwa iingie au itoke. Si kila asubuhi ina meli, hivyo huenda mkasubiri, nami sioni ubaya wa kusubiri. Mwambieni ni mizigo gani ya kwao hupita katika mlango ule, kwa sababu mgeni wetu mara nyingi anatoka bara, na bati la nyumba yake, mbolea yake na simu yake huenda vilipita mbele ya mti huo kabla ya kumfikia. Yeye si mtazamaji tu wa bandari hii, ana sehemu yake ndani yake. Kama ameamka mapema, mwanzieni Soko la Samaki, mnada ukiwa bado moto na changu na jodari wakiwa wamelazwa sakafuni kwa mafungu, lakini avae viatu vya kufunika vidole. Kamera aiweke mbali na upande wa Ikulu.

Akitaka mwenyewe kupanda pantoni, apande, nami bado naamini hakuna mahali pengine ambapo mji huu huonekana wote kwa mara moja, kuanzia paa jekundu la Azania Front hadi winchi za bandarini. Akiwa na watoto, Mbudya itawafaa zaidi kuliko kukaa chini ya mti. Mvua za masika zikiwa zimeanza, basi mna haki ninyi na Makumbusho yenu ya Taifa. Na kama mwenyeji ni mtu anayevuka kila siku kama mimi, ningependa akae pale hata bila mgeni, kwa sababu nimegundua kwamba wengi wetu wa Kigamboni hatujawahi kuitazama meli ikiingia, isipokuwa kwa kuilaumu kwamba imetuchelewesha.

Mjomba anakuja tena Desemba, akiwa na mjukuu wake wa miaka tisa ambaye hajaiona bahari. Mtoto amekwisha kuniuliza kwa simu kama kweli kuna meli inayobeba magari na watu pamoja. Nilimwambia ipo, na kwamba babu yake ndiye atakayeamua. Kwa sasa nimepanga tupite darajani.