Huyo si Mamba, ni Koboko

Swali: Shikamoo mwalimu. Juzi katika kipindi cha michezo nilimsikia mtangazaji akisema kwamba marehemu Kobe Bryant, yule mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, alipenda kuitwa "Mamba Mweusi". Mwanangu wa darasa la sita akaniuliza mamba mweusi ni yupi, nami nikamjibu kwamba mamba wote huonekana weusi wakiwa majini. Baadaye nikaambiwa nimempotosha mtoto, eti huyo ni nyoka. Je, neno hili ni letu au tumeliazima, na imekuwaje likabeba wanyama wawili? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Hukumpotosha mtoto. Wewe ulisikia neno la Kiswahili ukalielewa kwa Kiswahili, ilhali mtangazaji alisoma neno la Kiingereza akalitamka kwa mdomo wa Kiswahili, akadhani ametafsiri. Nyoka aliyekusudiwa anaitwa koboko. Ningeweza kuishia hapa na kila mtu akaenda zake, lakini umenitonesha kidonda ninachokiuguza kwa miaka mingi, kwa hiyo leo itabidi univumilie.

Asili ya neno haina fumbo kubwa. Wazungu waliofika kusini mwa Afrika walimkuta nyoka huyo akiitwa imamba kwa Kizulu. Wakadondosha kiambishi cha mwanzo, wakabaki na mamba, na katika karne ya 19 neno likaingia katika Kiingereza, kisha likatapakaa. Mfaransa leo husema mamba noir, Mjerumani Schwarze Mamba, na kwa Kiafrikana ni swartmamba. Kwa Wazulu wenyewe jina hilo lina uzito wake, maana katika imani zao za kale mfalme aliyefariki huweza kurejea nyumbani kwake kwa umbo la imamba, wala hapigwi fimbo.

Sasa, Kizulu na Kiswahili ni ndugu katika ukoo wa Kibantu, na undugu huo ndio unaotuponza. Nyoka kwao ni inyoka, mbuzi ni imbuzi, nyati ni inyathi na ndovu ni indlovu, kiasi kwamba mtu akishayaona manne hayo ataapa kwa jina la babu yake kwamba imamba ni mamba. Sivyo. Mamba wetu wa mtoni Wazulu humwita ingwenya, Washona humwita ngwena, na kamusi zetu nazo zina neno hilohilo ngwena kwa mnyama huyohuyo, ingawa siku hizi halisikiki sana midomoni. Kwa hiyo Mzulu akisema imamba, Mswahili hujibu koboko. Na Mswahili akisema mamba, Mzulu hujibu ingwenya. Ndugu wawili wamelitumia jina moja kwa watoto tofauti, jambo la kawaida katika kila ukoo, na ugomvi huanza pale tu mgeni anapokuja kumwita mtoto wa huyu kwa amri ya yule.

Mgeni huyo ndiye mfasiri wetu. Anakutana na maneno mawili ya Kiingereza, la kwanza likiwa na maana ya rangi nyeusi na la pili likiwa ni mamba. Hapo angetakiwa kusimama na kujiuliza, lakini hasimami, kwa sababu neno la pili linafanana na Kiswahili na lile la kwanza alifundishwa darasa la tatu. Anaandika "mamba mweusi", anaenda kunywa chai. Hajui kwamba amemtoa nyoka kichakani akamtupa mtoni, akampa miguu minne na taya la kuvunjia mfupa wa ng'ombe.

Nimeyaona matokeo ya chai hiyo kwa macho yangu. Katika zahanati moja niliyokwenda kupima presha, lilibandikwa ukutani bango lenye kichwa kilichosema "Huduma ya kwanza kwa aliyeumwa na mamba mweusi". Chini yake kulikuwa na maagizo, na maagizo yenyewe yalikuwa mazuri: mgonjwa atulizwe, asitembezwe, jeraha lisichanjwe wala lisinyonywe kwa mdomo, akimbizwe hospitali. Nilikaa kwenye benchi nikalisoma bango lile mara nne, maana foleni ilikuwa ndefu, na kila nilipolisoma nilizidi kumhurumia mvuvi wa Rufiji atakayeingia pale. Asinyonywe jeraha! Mtu aliyeumwa na mamba ana jeraha gani la kunyonywa? Akiwa amebahatika, ana mguu uliobaki. Na huo ushauri wa kutomtembeza ungemfaa nini mtu ambaye mwenzake alipiga mbizi akamvuta kwenye taya la mnyama huku kijiji kizima kikipiga makasia majini? Niliendelea kusoma. "Mamba mweusi akisumbuliwa huinua kichwa, hufungua kinywa na kutoa sauti ya kufoka." Hapo nilifunga macho nikamwona mamba wa Rufiji ameinua kichwa na sehemu ya kifua kwa urefu wa mita nzima juu ya nyasi, anafoka, mkia wake mzito umemshikilia kwa nyuma kama mguu wa tatu wa kigoda. Mstari wa mwisho ulisema kwamba "mamba mweusi hupenda kujificha katika vichuguu vya mchwa na matundu ya miti, na pengine huingia kwenye paa la nyumba". Mamba! Juu ya makuti! Mwenye nyumba amelala chini, anaangukiwa na vumbi usiku, anamwambia mkewe ni panya.

Yule mama aliyekuwa jirani yangu kwenye benchi aliniuliza ninacheka nini. Nikamwonyesha. Akasoma taratibu kwa kidole, kisha akasema, "Baba, mimi nimezaliwa kando ya mto. Mamba huyu hawa watu wamemtoa wapi?" Nikamwambia wamemtoa Durban, huko kwa Wazulu. Hakunielewa, na hakuwa na sababu ya kunielewa, kwa kuwa lugha yake haikuwa na kasoro yoyote. Nilipomwambia kwamba bango linamzungumzia koboko, uso ulimbadilika papo hapo. Akavuta khanga begani, akasema, "Koboko? Si waandike koboko basi! Huyo ameua ng'ombe wa kaka yangu." Sijawahi kupata ushahidi wa lugha ulio bora kuliko ule. Neno "mamba mweusi" lilimfanya ashangae, ilhali neno "koboko" lilimfanya ainue miguu na kuchungulia chini ya benchi, na bango la tahadhari linatakiwa kufanya hivyo.

Tena huo weusi wenyewe una kasoro. Koboko si mweusi. Ngozi yake huwa ya kijivu, ya rangi ya udongo au ya zeituni iliyofifia, na kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake, jambo ambalo watu wengi hulifahamu wakiwa wamechelewa. Waingereza walihitaji sifa hiyo ya weusi ili kumtenga na ndugu yake wa kijani, anayekaa minazini na miembeni katika pwani yetu. Hata wataalamu wao walipotea njia: mwaka 1896 George Boulenger aliwaunganisha nyoka hao wawili kuwa spishi moja, na ilipita miaka 50 kabla ya Vivian FitzSimons wa Afrika Kusini kuwatenganisha tena mwaka 1946. Jina la kisayansi nalo lina vituko vyake. Dendroaspis ni Kigiriki, maana yake nyoka wa mtini, na polylepis maana yake mwenye magamba mengi, wakati koboko muda wake mwingi huupitisha chini, kwenye miamba na vichuguu. Lakini hayo ni makosa ya watu waliokuwa wakimtafuta nyoka kati ya nyoka. Sisi tumekwenda kumtafuta kati ya mamba. Kwa Kiswahili, koboko peke yake anatosha; yule mwingine mwite koboko wa kijani, na utaeleweka kuanzia Lamu mpaka Mtwara.

Kuna watakaoniandikia kwamba lugha hukua, kwamba maneno huhama, na kwamba mimi ni mzee wa kulinda mageti. Barua hizo huwa nazipokea kila mwezi na ninaziweka vizuri. Mimi si adui wa maneno mageni. Chukueni kobra. Neno hili ni la Kireno, na kwa Wareno maana yake ni nyoka tu, nyoka yeyote. Yule mwenye kutanua shingo walimwita cobra de capelo, yaani nyoka mwenye kofia, kisha Waingereza wakakata mkia wa jina wakabaki na neno cobra kwa nyoka huyo mmoja. Sisi tuna fira na tuna swila, tena swila yule mtema mate, kwa hiyo kobra hatukumhitaji sana. Lakini nikimkuta gazetini, hupiga mwayo nikageuza ukurasa. Kobra ameingia katika nyumba ambayo haikuwa na mtu. Hakuna mnyama wa Kiswahili aliyefukuzwa ili yeye akae. Mamba ni habari nyingine. Chumba hicho kina mwenyewe, amekaa humo tangu mababu, ana meno sitini na kitu, na ninyi mnamwingizia mpangaji wa pili bila kumwuliza.

Na hata akitokea mtu akanifungulia kamusi iliyolipa neno mamba maana ya pili ya nyoka, nitamwomba twende naye kwa wachunga ng'ombe, wapanda minazi na wakata mkaa, aseme "mamba" mbele yao, tuone kama watatazama mtini au mtoni.

Jambo ninaloweza kulisamehe ni mkanganyiko wa koboko na kiboko, kwa sababu hapo anayekosea ni masikio wala si uvivu. Irabu moja tu inamtenga nyoka na mnyama mnene wa majini, ambaye naye ametupa jina la fimbo iliyotengenezwa kwa ngozi yake, ile iliyotufundisha hesabu. Ukifika Naijeria utakuta koboko ndiyo jina la mjeledi wa ngozi. Mwanafunzi akiandika kwamba "koboko alitoka majini akala mahindi yote shambani", namkata alama moja na kumwandikia pembeni kwamba nimecheka.

Turudi kwa mchezaji wako wa kikapu. Bryant, aliyefariki katika ajali ya helikopta tarehe 26 Januari 2020, alijitwalia jina la Black Mamba kwa kumfikiria nyoka mwepesi anayepiga bila kukosa. Kwa kuwa ni jina la kujipa, unaweza kuliacha kama lilivyo, na sitakulaumu. Ukitaka kulitafsiri, sema Koboko, na usiongeze weusi. Ila tazama watangazaji wetu walivyomfanyia. Wazazi wake walimpa jina la mji wa Japani na nyama yake maarufu, jina ambalo kwa Kiswahili tayari ni kobe, mwenye gamba mgongoni na mwendo wa polepole. Yeye akajichagulia kuwa koboko. Watangazaji wakamgeuza mamba. Mtu mmoja, reptilia watatu, na yule mmoja aliyemtaka mwenyewe ndiye pekee ambaye hatukumpa.

Mwambie mwanao, basi, kwamba mamba ni yuleyule anayemjua na kwamba baba yake hakukosea. Kuhusu zahanati, nilimwandikia mganga mfawidhi barua ya adabu ya ukurasa mmoja, nikaeleza yote haya kwa ufupi kuliko nilivyoyaeleza hapa. Nilipokwenda tena kupima presha, bango la zamani lilikuwa limeondolewa na jipya limebandikwa mahali pake, la rangi, la karatasi inayong'aa. Limeandikwa "Black Mamba" kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza, na picha iliyo chini yake ni ya swila, shingo ameitanua.