Dalali anataka amana leo: nyumba ya kustaafia Malindi

Dada yangu, pole. Umesema wewe na mzee mnatafuta nyumba kwenye makazi ya wastaafu hapa Malindi, mbili zimeshawaponyoka, na sasa dalali ataka amana leo leo.

Msilipe leo. Mimi niliharakishwa vivyo hivyo, nikaja kugundua kwamba ada ya kila mwezi ya ulinzi, maji na bustani haikutajwa kabisa. Kwa anayeishi kwa pensheni, ada hiyo ndiyo inayouma, tena hupanda. Itakeni kwa maandishi, pamoja na kanuni za makazi: mtoto akirithi ataruhusiwa kukaa au kuuza?

Mtakwenda mbio mkijiandaa mapema. Pesa ziwe benki, na wakili wenu wenyewe, si wa muuzaji, awe tayari kupekua hati kwenye ofisi ya ardhi mara tu mnapoipenda nyumba. Aangalie kama ardhi ni ya kudumu au ya kukodishwa, na miaka iliyobaki. Amana huwa asilimia 10 ya bei. Ipitie kwa mawakili, kamwe si mkononi mwa dalali. Juu ya bei kuna ushuru wa stempu, kodi ya serikali ya kuhamisha umiliki: mjini ni asilimia 4 ya thamani.

Maji ya kisima yaonjeni. Karibu na ufuo mara nyingi yana chumvi.

Bei ikiwashinda, kodini kwanza.