Muulize Shangazi wa Jikoni: Boga la Kopo, Boksi la Buluu na Kifurushi cha Dada

Swali

Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tuliishi Atlanta miaka 11, na watoto wetu wote wawili walizaliwa kule. Tangu Machi tuko Leicester kwa sababu ya kazi yake. Watoto wameizoea shule, wameizoea mvua, lakini chakula bado. Wanataka mkate wa mahindi. Wanataka makaroni ya jibini ya boksi la buluu, yale ya Kraft. Wanataka siagi ya karanga na jeli ya zabibu, na Novemba wanataka pai ya boga, kama kila mwaka. Niliona pakiti imeandikwa "cornflour" nikafurahi, nikaoka mkate. Ulitoka mweupe, mgumu, kama gundi iliyokauka. Mdogo wa miaka 9 alilia, nami nikalia walipokwisha kulala. Vitu hivi nitavipata wapi?
Mama wa Wawili, Leicester

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kosa la cornflour hata mimi nililifanya, mwaka wangu wa kwanza Uingereza, nikitokea Columbus, Ohio, nilikokaa miaka 9. Kilichokuponza ni jina. Cornflour ya Waingereza ni wanga mtupu wa mahindi, uleule ambao Wamarekani huuita cornstarch, kazi yake ni kufanya mchuzi uwe mzito. Usiitupe pakiti hiyo, tutaihitaji baadaye kidogo.

Umeniuliza wapi. Kabla ya hapo nataka ukae na watoto, mpitie kila kitu mnachokikosa, mkigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni viungo vya kupikia: hivyo karibu vyote viko Uingereza, ila vina jina jingine au vimewekwa rafu usiyoitarajia. Fungu la pili ni ladha yenyewe, ile ambayo ulimi wa mtoto unaikumbuka na haudanganyiki. Pesa zako zitunze kwa fungu la pili. Nimeona watu wakiagiza unga na sukari kutoka Marekani kwa bei ya kuumiza, na vitu hivyo viko mtaa wa pili.

Tuanze na mkate. Tafuta neno "cornmeal", ndio unga wa mahindi wenyewe, wala si kwenye rafu ya unga wa keki. Nenda rafu ya vyakula vya Karibea au vya Kiasia, au bora zaidi maduka ya wahamiaji wenyewe. Wewe uko Leicester, una bahati: pita Narborough Road, yenye maduka yanayoendeshwa na watu wa mataifa chungu nzima, au Belgrave Road kwa Wahindi. Utakuta mifuko ya cornmeal ya njano, imeandikwa "fine", "medium" au "coarse". Chukua ya kati. Mimi hutumia gramu 200 za cornmeal, gramu 120 za unga wa ngano wa kawaida, kijiko kikubwa cha baking powder, chumvi, sukari vijiko 2, mayai 2, siagi gramu 75 iliyoyeyushwa, na mililita 300 za buttermilk, ambayo iko kwenye jokofu la supamaketi karibu na krimu. Ukiikosa, kamulia limau kwenye maziwa uyaache dakika 10. Kikaango cha chuma kiwe cha moto tayari kabla hujamimina, kisha oveni nyuzi 200 kwa dakika 20 hadi 25. Watu wa Georgia, jimbo lenu la Atlanta, wengi hawataki sukari kabisa, kwa hiyo waulize watoto wao walizoea upi.

Na pima kwa mizani. Kikombe cha Kimarekani ni mililita 240, kipande cha siagi wanachokiita "stick" ni gramu 113, na nyuzi 350 za Fahrenheit za oveni yako ya Atlanta ni 180 za Selsiasi hapa, au 160 kama oveni ina feni. Keki nyingi za watu waliohama huharibika hapo tu, si kwenye viungo.

Majina mengine ya kukariri: bicarbonate of soda ndiyo baking soda, icing sugar ndiyo powdered sugar, na sukari ya kahawia ya Marekani ni "light soft brown", si demerara yenye punje kubwa. Treacle nyeusi inashika nafasi ya molasses, ingawa ni kali zaidi, punguza. Crisco, yale mafuta magumu ya mimea, ina ndugu yake hapa aitwaye Trex. Kwa pai ya pekani, badala ya Karo, ile sharubati ya mahindi, tumia golden syrup. Ina ladha nzito kidogo ya sukari iliyoungua, nami siku hizi naipenda kuliko ile ya asili. Badala ya biskuti za graham za kitako cha keki ya jibini, weka biskuti za digestive, ongeza asali na mdalasini.

Sasa boga, na hapa naomba univumilie kwa sababu jambo hili nalipenda.

Kopo la Libby's, lile la gramu 425, linapatikana Uingereza. Supamaketi za Ocado na Waitrose huwa nalo, lakini ni bidhaa ya msimu: linafika vuli, na ikikaribia Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu yao ya Thanksgiving, kila Mmarekani nchini analitafuta siku moja. Nunua Septemba au Oktoba mara tu ulionapo, weka kabatini. Ukichelewa, usikimbilie yale maboga makubwa ya Halloween yanayouzwa kwa kuchongwa. Yale ni maji na nyuzi, pai yake italia machozi kwenye sahani. Watu wengi hawajui kwamba boga la Libby's si lile la rangi ya chungwa la kwenye picha. Ni aina iitwayo Dickinson, ngozi yake hudhurungi hafifu, linasindikwa Morton, Illinois. Na Dickinson kwa ukoo ni spishi moja na boga la butternut, hili hili lililojaa kila supamaketi ya Uingereza mwaka mzima. Kwa hiyo butternut si kitu cha kujikaza nacho. Ni binamu wa damu.

Lipasue katikati, toa mbegu, lichome nyuzi 200 kwa muda wa saa moja mpaka kijiko kizame bila nguvu. Kwangua nyama, isage, kisha itandaze kwenye kitambaa juu ya chujio uiache saa 2 idondoshe maji. Hatua hiyo ya mwisho usiiruke. Kutoka kwenye bakuli hilo pima gramu 425 na uendelee na mapishi yako ya Atlanta kama vile umefungua kopo. Ile chupa ya "pumpkin pie spice" huhitaji kuitafuta: mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu kidogo. Viungo hivyo mwanamke wa Kiswahili hafundishwi na mtu.

Makaroni. Boksi la buluu lenyewe utalipata kwa waagizaji wa mtandaoni, na bei yake utaiona mwenyewe. Lakini kwanza jaribu hili. Rangi ile ya chungwa watoto wanadhani ndiyo ladha, na wewe unaishi kwenye mji uliolipa jina jibini la chungwa. Red Leicester hutiwa annatto, mbegu zilezile zinazotia rangi jibini nyingi za Marekani. Chemsha makaroni gramu 350. Kwaruza jibini gramu 300, nusu cheddar kali, nusu Red Leicester, uichanganye na kijiko kikubwa cha cornflour yako ya msiba. Mimina kopo moja la maziwa ya "evaporated", yasiyo na sukari, la gramu 410, koroga kwenye moto mdogo hadi iwe laini, utie makaroni. Wanga na protini za maziwa yale huzuia mafuta ya jibini yasijitenge, ndiyo maana sosi inateleza kama ya boksi. Usiwaambie chochote mpaka wamalize sahani.

Jeli ya zabibu ndiyo fungu la pili, na hapo sina binamu wa kukupa. Ladha ile ni ya zabibu aina ya Concord, iliyooteshwa na Ephraim Bull katika mji wa Concord, Massachusetts, mwaka 1849. Zabibu za Ulaya hazina harufu ile hata kidogo. Watoto wako wataligundua hata kwenye peremende: ya zambarau Marekani ni zabibu, Uingereza ni blackcurrant, tunda dogo jeusi. Kuna sababu. Blackcurrant ilipigwa marufuku Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuhofiwa kueneza ugonjwa wa misonobari, na marufuku ya serikali kuu ilikuja kuondolewa 1966. Vizazi vya Wamarekani vikakua bila kuijua, na Waingereza wakakua bila Concord. Kwa hiyo nunua chupa moja ya jeli ya Welch's kwa muagizaji. Usione aibu ya gharama. Mtoto aliyehamishwa nchi bila kuulizwa anastahili mkate wake wa jeli.

Kwa vitu vya fungu hilo, mimi hupita maduka ya TK Maxx, rafu ya vyakula, ambako hujui utakuta nini. Kama uko London, Whole Foods ya Kensington. Na tovuti za waagizaji, ambazo huwa nafuu ukiagiza pamoja na majirani ili nauli igawanyike. Maduka ya peremende za Kimarekani ya Oxford Street, London, yapite bila kuingia. Halmashauri ya Westminster iliyachunguza mwaka 2022 kwa kodi na bidhaa bandia.

Popote ununuapo, geuza pakiti. Bidhaa iliyoingia kihalali ina jina na anwani ya muagizaji aliyeko Uingereza, mara nyingi kwenye stika, na vitu vinavyoleta mzio vimetofautishwa kwa herufi, kwa kawaida nene. Ikiwa ina mojawapo ya rangi 6 fulani za viwandani, kama tartrazine, tangu 2010 inatakiwa kuandikwa onyo kwamba huenda ikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Pakiti isiyo na stika wala anwani, irudishe rafuni.

Swali

Shangazi, dada yangu yuko Minneapolis anataka kunitumia sanduku la zawadi ya siku ya kuzaliwa: nyama kavu, biskuti, pipi, jibini. Kuna shida yoyote forodhani?
Mwanafunzi, Cardiff

Jibu

Ipo, na ni bora umpigie leo kabla hajafunga sanduku. Nyama na bidhaa za maziwa kutoka Marekani haziruhusiwi kuingia, iwe kwa posta au kwenye begi la msafiri. Nyama kavu ni nyama, hata ikiwa imefungwa vizuri namna gani. Rafiki yangu alinibebea pakiti 4 kwa upendo mkubwa, zikachukuliwa uwanja wa ndege mbele ya macho yake, na alisikitika kuliko mimi. Jibini nalo aliache. Boksi la makaroni lina unga wa jibini ndani, mimi ningemwambia aliache pia. Biskuti, pipi na chokoleti hazina tatizo.

Thamani nayo ina hesabu yake. Zawadi kutoka mtu kwa mtu isiyozidi pauni 39 haitozwi VAT. Ikizidi hapo inaweza kutozwa, na pipi ziko kwenye kundi la asilimia 20, tofauti na unga au vyakula vingi vya kawaida ambavyo ni sifuri. Ikizidi pauni 135 ushuru wa forodha unaweza kuingia. Juu ya hayo mbeba mizigo hutoza ada yake, na ada hiyo ndiyo inayochoma, kwa sababu huilipa hata kama kodi yenyewe ni kidogo. Kwa hiyo masanduku 2 madogo, kila moja kwa wakati wake, ni salama kuliko moja kubwa.

Kwenye fomu ya forodha aandike kila kitu kwa jina lake na bei yake: biskuti, pipi, siagi ya karanga. Asiandike "vyakula" tu. Neno hilo ndilo linalofanya sanduku lifunguliwe.

Swali

Shangazi, nafanya kazi Suffolk karibu na kambi ya Lakenheath. Jirani yangu ni mwanajeshi wa Marekani, na duka lao la ndani lina kila kitu. Naweza kumpa pesa aninunulie?
Msomaji, Thetford

Jibu

Hapana, ndugu yangu, usimwombe. Duka lile ni la wenye kitambulisho cha jeshi, bidhaa zake hazijalipiwa kodi ya Uingereza, na kumuuzia mtu wa nje ni kosa linaloweza kumgharimu kazi yake. Akikualika kula kwake, nenda, ule ushibe. Akitaka kukusaidia zaidi, mwombe mapishi ya mama yake, kisha niandikie nikutafsirie majina ya viungo.